Nyaya Kumi, Michoro Kumi na Miwili: Jinsi ECG Inavyousoma Umeme wa Moyo

Mtu akipimwa ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, hapa Mombasa, iwe ni katika hospitali kubwa kisiwani au kliniki ndogo kule Kongowea, mara nyingi hutoka na karatasi ya viboksi vya rangi ya waridi iliyojaa mistari inayopanda na kushuka. Kando ya mistari pameandikwa I, II, III, aVR, aVL, aVF, kisha V1 mpaka V6. Karatasi ikifika nyumbani huzungushwa sebuleni, kila mmoja akaitazama, na swali huwa lile lile: mbona huu unapanda na huu unashuka? Wenye ugonjwa ni upi? Kidole aghalabu huishia kwenye aVR, maana wengi wa wenzake wameelekea juu na huo umeelekea chini.

aVR kuelekea chini ndio uzima wake. Ungeelekea juu, hapo daktari angekuwa na haki ya kushtuka. Michoro yote 12 ni ya moyo mmoja na umeme ule ule. Kinachobadilika ni upande ambao moyo umetazamwa. Jambo hili ni jepesi kulisema, lakini watu wengi, wakiwemo baadhi ya wanaoishika mashine hii kila siku, huyajua majina ya lidi, yaani hiyo michoro 12, bila kujua kila lidi inapima nini hasa. Na mtu asiyejua kinachopimwa hawezi kuona kosa pale stika inayoshikisha waya kwenye ngozi inapobandikwa pasipo mahali pake.

Tuanze na lililo muhimu zaidi. Lidi si waya. Nyaya zinazotoka kwenye mashine ni 10, lidi ni 12, na hesabu hiyo peke yake yatosha kuonyesha kwamba ni vitu viwili tofauti. Waya hupeleka volti ya mahali pamoja pa ngozi mpaka kwenye mashine. Lidi ni tofauti ya volti kati ya mahali pawili, au kati ya mahali pamoja na wastani wa pengine. Volti ya mahali pamoja haina maana peke yake. Lazima ilinganishwe na nyingine.

Umeme wenyewe watoka wapi

Kila seli ya msuli wa moyo hujiwekea chaji. Ikiwa imetulia, ndani yake huwa hasi kuliko nje, kwa kiasi cha milivolti 90 hivi katika misuli ya vyumba vya chini. Hali hiyo hutokana na chumvichumvi zenye chaji: potasiamu imejaa ndani, sodiamu imejaa nje, na utando wa seli huchagua ni ipi ipite na lini. Seli ikiamshwa, njia za sodiamu hufunguka ghafla, sodiamu huingia kwa kishindo, na ndani hugeuka chanya. Kalsiamu hufuata, nayo ndiyo inayoufanya msuli ukaze. Mwishowe potasiamu hutoka na seli hurudi ilivyokuwa, tayari kwa pigo jingine. Seli moja ikigeuka humwamsha jirani, jirani naye humwamsha wa pili, na wimbi la mgeuko huo hutambaa msuli mzima.

Wimbi huanzia kwenye kifundo kidogo cha seli, juu kabisa kwenye chumba cha juu cha kulia, ambacho mtu akiwa ametulia hutoa amri mara 60 hadi 100 kwa dakika. Hutambaa katika vyumba viwili vya juu, na hapo kwenye karatasi huonekana kilima kidogo, P. Kisha hufika kwenye kifundo cha pili kilichoko kati ya vyumba vya juu na vya chini, ambako hucheleweshwa kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde ili damu ipate kushuka. Likitoka hapo hushika njia za kasi zilizogawika kulia na kushoto, na vyumba vya chini huamshwa karibu vyote kwa pamoja. Huo ndio mchongoko mrefu na mwembamba, QRS, ambao kwa kawaida huwa chini ya sekunde 0.12. Kilima cha mwisho, T, ni seli za vyumba vya chini zikirudi kwenye utulivu wao.

Hapa pana jambo ambalo maelezo mengi hulipita mbio. Mashine haioni chaji ya seli. Inaona tofauti kati ya eneo lililokwisha kugeuka na eneo ambalo bado. Msuli wote ukiwa umetulia, hakuna tofauti, mstari hulala. Msuli wote ukiwa umegeuka pia hakuna tofauti, na mstari hulala vile vile. Ndiyo maana baada ya QRS, wakati moyo umekaza kwa nguvu zake zote na damu inasukumwa, mstari huwa umelala kabla T haijaanza. Anayedhani mstari wa ECG huonyesha nguvu ya pigo atashangaa hapo. Unaonyesha safari ya mpaka ulio kati ya walioamka na waliolala, na safari ikikoma, mstari hutulia.

Umeme huo hufika kwenye ngozi kwa sababu mwili umejaa maji ya chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Lakini hufika ukiwa umechujuka sana: kiasi cha milivolti moja, sehemu moja ya elfu ya volti. Kwa hiyo anayeogopa kwamba nyaya zile zitampiga stima na atulie. Mashine haimpelekei mtu umeme ili impime. Inasikiliza tu umeme anaoutoa mwenyewe.

Kupanda na kushuka

Chukua kivuko cha Likoni. Feri inatoka upande wa kisiwani kwenda ng'ambo. Aliyesimama Likoni akisubiri anaiona inakuja. Aliyeachwa kisiwani anaiona inakwenda. Mvuvi aliyetia nanga ubavuni mwa njia yake anaiona inamkaribia, inampita, kisha inamwacha. Feri ni moja na safari ni moja, lakini ukiwauliza hao watatu utapata habari tatu, na zote ni za kweli.

Lidi hufanya vivyo hivyo. Kila lidi ina ncha chanya na ncha hasi. Wimbi la mgeuko likielekea kwenye ncha chanya, mstari hupanda. Likielekea mbali nayo, mstari hushuka. Likipita kimkingamo, mstari hupanda kidogo na kushuka kidogo, na ukijumlisha hupati kitu. Kadiri safari ya wimbi inavyolingana na mwelekeo wa lidi, ndivyo mchongoko unavyorefuka.

aVR ina ncha yake chanya kwenye mkono wa kulia. Wimbi kubwa la moyo huanza juu kulia na kushuka chini kushoto. Kwa mkono wa kulia, hiyo ni feri inayoondoka. Basi P hushuka, QRS hushuka, na hata T hushuka. Lidi II, inayoelekea mguu wa kushoto, karibu kila kitu huiendea, ndiyo sababu mashine nyingi huichagua kuwa ule mstari mrefu wa chini ambao hutumika kusoma mpangilio wa mapigo.

T yenyewe inahitaji neno. Kama seli zingerudi kwenye utulivu kwa mfuatano ule ule zilioamkia, T ingeelekea kinyume cha QRS, kwa sababu kurudi ni kinyume cha kuamka. Lakini katika vyumba vya chini, seli za ngozi ya nje ya msuli, ingawa huamka mwisho, hurudi mwanzo. Kinyume cha kinyume kinatoa uelekeo mmoja, na T ya moyo mzima hufuata upande wa QRS katika lidi nyingi.

Ndoo tatu za maji ya chumvi

Mnamo 1887, Augustus Waller aliuonyesha umeme wa moyo wa binadamu kwenye ngozi huko London, akitumia safu nyembamba ya zebaki iliyocheza ndani ya mrija wa kioo. Picha yake ilikuwa nzito na ya polepole. Willem Einthoven, daktari wa Leiden nchini Uholanzi, alitengeneza kipimo chepesi zaidi: uzi mwembamba mno wa quartz (madini yanayofanana na kioo) uliopakwa fedha, uliotungikwa kati ya ncha za sumaku yenye nguvu. Umeme wa moyo ulipopita kwenye uzi, uzi uliyumba, na kivuli chake kikapigwa picha. Mashine nzima ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na ilihitaji watu watano kuiendesha. Haikuwezekana kuipeleka kwa mgonjwa, na mgonjwa wa hospitali hakuweza kuletwa kwa urahisi, kwa hiyo mwaka 1905 Einthoven alipitisha umeme wa moyo kwenye waya wa simu kutoka hospitalini mpaka maabara yake, umbali wa kilomita moja na nusu hivi. Mwaka 1924 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Elektrodi zake, yaani vile vinavyounganisha ngozi na waya, zilikuwa ndoo. Mgonjwa alitumbukiza mikono miwili na mguu wa kushoto ndani ya maji ya chumvi na kukaa kimya. Leo tunabandika stika zenye jeli, lakini mahali ni pale pale, na lidi tatu za kwanza ni zile zile:

Lidi I ni mkono wa kushoto kutoa mkono wa kulia. Lidi II ni mguu wa kushoto kutoa mkono wa kulia. Lidi III ni mguu wa kushoto kutoa mkono wa kushoto.

Ukijumlisha I na III, mkono wa kushoto unajifuta, na kinachobaki ni mguu wa kushoto kutoa mkono wa kulia, yaani II. Hiyo ni hesabu tu, haitegemei moyo uwe mzima au mgonjwa. Chukua karatasi yoyote: kama kwa wakati mmoja QRS ya lidi I imepanda viboksi 5 vidogo na ya III viboksi 4, ya II wakati huo huo itakuwa 9. Isipokuwa hivyo, kuna kitu hakikwenda sawa katika kurekodi.

Mikono na miguu hapa ni marefusho ya nyaya tu. Stika ikiwekwa kwenye kifundo cha mkono au juu kidogo, tofauti ni ndogo, mradi isipande mpaka kwenye kiwiliwili, kwa sababu huko inakuwa imeusogelea moyo na pembe zinabadilika. Mguu wa kulia nao hauingii kwenye hesabu ya lidi yoyote. Waya wake hutumika kupunguza kelele za umeme kutoka nje.

Kutoka tatu hadi kumi na mbili

Lidi tatu za Einthoven zilitosha kwa kusoma mpangilio wa mapigo, ila zilikuwa zinautazama moyo kwa mbali na kwa pande chache. Mwaka 1934, Frank Wilson wa Marekani aliziunganisha nyaya za mikono miwili na mguu wa kushoto kupitia vizuizi vya umeme, akapata wastani wa tatu hizo. Wastani huo ukawa ndio ncha hasi, na ncha chanya ikawa huru kuhamishiwa popote kifuani. Mwaka 1938, vyama vya madaktari wa moyo wa Marekani na Uingereza vilikubaliana mahali sita pa kubandika, nazo ndizo V1 hadi V6. Mwaka 1942, Emanuel Goldberger akatumia wazo la wastani kwenye mikono na mguu wenyewe. Aliutoa nje ya wastani mkono au mguu unaopimwa, akalinganisha na wastani wa wale wawili waliobaki, na mawimbi yakakua kwa nusu ya ukubwa wake. Hizo ni aVR ya mkono wa kulia, aVL ya mkono wa kushoto, na aVF ya mguu.

Lidi sita za mikono na mguu hutazama moyo katika ubapa wa mtu aliyesimama mbele yako: juu, chini, kulia, kushoto. I hutazama kutoka kushoto moja kwa moja, na hiyo ndiyo nyuzi sifuri. II iko nyuzi 60 kuteremka, aVF nyuzi 90, yaani chini kabisa, na III nyuzi 120. aVL iko nyuzi 30 juu ya I. aVR iko peke yake upande wa pili. Lidi sita za kifua huongeza kile ambacho hizo haziwezi kukiona kamwe: mbele na nyuma.

Turudi kwenye hesabu ya mwanzo. Kati ya nyaya 10, ule wa mguu wa kulia tumeutoa. Zimebaki sehemu 9 zinazopimwa, na sehemu 9 hutoa tofauti 8 tu zinazojitegemea. Mashine ikishajua I na II, inaweza kuzitafuta III, aVR, aVL na aVF kwa karatasi na kalamu. aVF, kwa mfano, ni nusu ya II na III zikijumlishwa. Kwa hiyo lidi 4 kati ya 12 hazina habari mpya. Tunazichapa kwa sababu jicho la binadamu halifanyi hesabu hizo haraka wakati mgonjwa amelala mbele yake akihema. Mimi naona huo ni uamuzi wa busara.

Pigo moja, V1 na V6

Ukitaka kuielewa ECG barabara, kaa na lidi mbili tu, V1 na V6, ufuatilie QRS moja. V1 iko mbele, ukingo wa kulia wa mfupa wa kidari. V6 iko ubavuni, chini ya kwapa la kushoto. Zinatazamana kidogo, moyo ukiwa kati.

Sehemu ya kwanza ya vyumba vya chini kuamka ni ukuta unaovitenganisha, nao huamka kutoka kushoto kwenda kulia. Wimbi hilo dogo linaielekea V1 na kuipa mgongo V6. Basi V1 huanza na kichongoko kifupi cha kupanda, na V6 huanza na kijishimo kifupi cha kushuka. Muda huo huo haujapita vizuri, misuli ya vyumba vyote viwili inawaka. Chumba cha kushoto kina ukuta mnene zaidi kwa sababu ndicho kinachosukuma damu mwili mzima, kwa hiyo wimbi lake hulishinda la kulia na jumla huelekea kushoto. Sasa V6 inapanda juu sana na V1 inashuka chini sana. Ukitembea kutoka V1, V2, V3 mpaka V6, utaona mchongoko wa kupanda ukirefuka hatua kwa hatua na ule wa kushuka ukifupika. Mpito huo kwa kawaida hutokea karibu na V3 au V4.

Daktari anapoona kwamba kupanda hakukui, huuliza kwa nini. Huenda msuli wa mbele ulikufa zamani kwa mshtuko wa moyo na hautoi tena wimbi. Au huenda stika zilibandikwa vibaya. Karatasi haisemi ni lipi kati ya hayo mawili.

Mshtuko wa moyo, pale mshipa unapoziba ghafla, huonekana kwa njia hiyo hiyo ya pande. Msuli ulionyimwa damu haushiki chaji yake kama wenzake, kwa hiyo tofauti ya umeme hubaki hata pale ambapo mstari ungepaswa kulala, kati ya QRS na T. Lidi zinazotazama eneo hilo huinuka hapo. Zilizo upande wa pili huzama. II, III na aVF zikiinuka kwa pamoja, msuli wa chini ndio ulioumia, na aVL mara nyingi huzama. V1 mpaka V4 hutazama mbele. I, aVL, V5 na V6 hutazama ubavu wa kushoto. Ndiyo maana daktari hutafuta angalau lidi mbili za ujirani zinazosema jambo moja. Mgongoni hakuna lidi katika zile 12, na anayeshuku ukuta wa nyuma huhamisha stika na kuzibandika chini ya bega la kushoto.

Mahali pa stika

Yote niliyoeleza yanasimama juu ya sharti moja, kwamba ncha iko pale inapodaiwa iko. V1 na V2 zinatakiwa kuwa kwenye nafasi ya nne kati ya mbavu, kulia na kushoto mwa mfupa wa kidari. Hazitafutwi kwa macho. Kidole huanzia kwenye kishimo kilicho chini ya koo, huteremka kwenye mfupa mpaka kikutane na tuta dogo lililokaa kimkingamo. Ukiteleza pembeni mwa tuta hilo unaugusa ubavu wa pili, na nafasi iliyo chini yake ni ya pili. Hesabu ya tatu, kisha ya nne, bandika hapo. V4 hufuata kabla ya V3: nafasi ya tano, kwenye mstari ushukao kutoka katikati ya mtulinga. V3 huwekwa katikati ya V2 na V4. V5 na V6 huenda usawa mmoja na V4, moja mbele ya kwapa na nyingine katikati ya kwapa, bila kupanda kufuata mpindo wa ubavu. Chuchu si alama ya kupimia, iwe kwa mwanamume au mwanamke.

Kosa linaloonekana zaidi ni V1 na V2 kubandikwa juu mno, nafasi ya pili au ya tatu. Kichongoko cha kupanda hupungua, T huweza kugeuka chini, na karatasi ikaonekana kama ya mtu mwenye kovu la zamani kwenye msuli wa mbele. Mtu asiye na ugonjwa hutoka pale na ugonjwa ulioandikwa kwenye faili lake.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee kwa kina mama. Mama anaingia na buibui, pazia limefungwa nusu, foleni ni ndefu, na mhudumu, kwa haya au kwa haraka, anapitisha mkono kwenye shingo ya nguo na kubandika panapofikika. V1 na V2 zinakaa karibu na koo, V4 inakaa juu ya titi badala ya chini yake panapogusana na kifua. Kila mmoja amejiona amemheshimu mwenzake, na kipimo kimeharibika. Heshima ya kweli ni pazia lifungwe mpaka mwisho, aitwe mhudumu wa kike kama mama anapendelea, leso iwepo ya kumfunika, na aambiwe kabla: "Samahani mama, nitahesabu mbavu zako kwa kidole, halafu nitakufunika." Mama mwenyewe ana haki ya kuyaomba hayo kwa sauti, na asione aibu kuyaomba.

Nyaya za mikono zikibadilishana, kulia kwa kushoto, lidi I hupinduka juu chini, II na III hubadilishana nafasi, aVR na aVL vile vile. Karatasi huanza kufanana na ya mtu ambaye moyo wake umekaa upande wa kulia. Kinachofichua ukweli ni lidi za kifua: kwa moyo ulioko kulia, V1 mpaka V6 huenda zikififia, kwa nyaya zilizobadilishana, hubaki sawasawa kabisa. Sababu ni ule wastani wa Wilson, kwani wastani wa tatu ni ule ule hata ukiwabadilisha wawili nafasi. Ukibadilisha mkono wa kulia na mguu wa kulia, lidi II hulala karibu kabisa, maana sasa inapima mguu kwa mguu na miguu haina tofauti ya maana.

Rangi za nyaya nazo ni mtego. Katika mfumo wa Ulaya, nyekundu ni mkono wa kulia. Katika mfumo wa Marekani, nyekundu ni mguu wa kushoto, na mkono wa kulia ni nyeupe. Aliyezoea rangi za mashine moja akihamia nyingine atakosea bila kujua. Herufi zilizoandikwa kwenye waya ndizo za kufuatwa.

Jasho letu la pwani nalo lina sehemu yake. Ngozi iliyolowa haishiki stika, na mstari huanza kuyumba juu na chini kila mtu anapovuta pumzi. Ngozi ipanguswe kwa spiriti, ikauke, na nywele za kifua zinyolewe pale tu zinapozuia. Chumba chenye AC kali nacho humfanya mtu atetemeke, na misuli inayotetemeka hutoa umeme wake wa vijimiba vingi visivyo na mpango. Umeme wa ukutani, ambao nchini Kenya hubadilika mara 50 kwa sekunde, hujipenyeza kama ukungu mzito uliolingana juu ya mstari wote. Aghalabu kuichomoa feni iliyo kando ya kitanda au kubana stika iliyolegea hutosha.

Kuisoma karatasi yako

Karatasi kwa kawaida hutembea milimita 25 kwa sekunde. Kiboksi kidogo ni sekunde 0.04, kikubwa ni 0.2. Kwenda juu, milimita 10 ni milivolti moja, na mashine huchora alama ya kimraba ili kuthibitisha hilo. Kama mapigo yanalingana, hesabu viboksi vikubwa kutoka mchongoko mmoja wa QRS hadi mwingine, kisha gawa 300 kwa idadi hiyo. Viboksi 4 ni mapigo 75 kwa dakika.

Rekodi ya kawaida ni ya sekunde 10. Mapigo yanayoruka mara moja kwa siku yanaweza yasiingie humo. Mshipa uliobana nusu unaweza usionekane mtu akiwa amelala ametulia, na hata mshtuko wa moyo unaoanza unaweza kutoa karatasi safi mwanzoni. Mwenye maumivu ya kifua yanayoendelea hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya karatasi moja nzuri. Kipimo hurudiwa, na damu hupimwa.

Karatasi ya zamani ni ya thamani kuliko watu wanavyodhani. Kuna watu wasio na ugonjwa ambao baadhi ya T zao zimeelekea chini tangu ujana, na daktari wa zamu usiku atatulia haraka akionyeshwa kwamba mchoro wa miaka mitatu iliyopita ulikuwa vile vile. Shida ni kwamba mashine nyingi huchapa kwa joto, kwenye karatasi ya aina moja na risiti za dukani, na kwa joto na jua la Mombasa mchoro huo hufifia mpaka mistari ikapotea. Siku hiyo hiyo uipatapo, itoe kopi au ipige picha kwa simu, juu yake ukiandika tarehe na kama ulikuwa na maumivu wakati ule au la.